Nani Apande Jukwaani? Panki, Mganda na Singeli Tukitazama Kutoka Songea

Utangulizi

Makala haya yanajadili swali ambalo kwa juu juu laonekana ni la starehe tu: ukiandaa tamasha la muziki lenye mwelekeo wa panki, ni wasanii gani wanastahili kuingia katika orodha, na ni wapi waachwe nje? Hapa Songea swali hili limekuwa likirushwa huku na huko miongoni mwetu wanafunzi wa fasihi kwa muda sasa, vijiweni na hata baada ya semina. Wapo wanaosema orodha ijazwe wanahipihopu. Wapo wanaotaka singeli. Wapo wanaosema, na hawa si wachache, kwamba neno lenyewe ni kasumba. Panki na Ungoni wapi na wapi? Na yupo mmoja aliyetuchekesha sana aliposema kikundi cha mganda kutoka pwani ya Ziwa Nyasa ndicho panki halisi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nia yetu hapa ni kuonyesha kwamba mwenzetu yule hakustahili kuchekwa.

Tutalishughulikia swali kwa njia ya historia, kwa sababu mabishano mengi ya sanaa hukwama pale watu wanapozungumzia vitu kana kwamba vimeanza jana. Hoja yetu kuu ni hii: orodha ya tamasha ni uhakiki. Anayeiandika anafanya kazi ile ile ya mhariri wa diwani au mpangaji wa silabasi. Anatamka nani ni msanii na nani ni mhuni, nani ni urithi na nani ni kelele. Ndiyo maana wahakiki hatuwezi kukaa pembeni tukasema hayo ni mambo ya mapromota.

Neno lenyewe

Tuanze na neno. Kwa Mtanzania wa kawaida, panki haikuja kwanza kama muziki. Ilikuja kama mtindo wa nywele: pande mbili za kichwa zimenyolewa, katikati mstari umesimama. Mzazi akimwona kijana wake na panki alijua hapo hakuna mtoto tena. Lakini neno likasafiri. Kanda ya Ziwa, mapanki ni yale mabaki ya sangara, yaani kichwa, mifupa na mkia, yanayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa Ulaya. Mabaki hayo hukaushwa, hukaangwa, huliwa na watu wasiomudu minofu. Dunia iliyaona mapanki katika filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, na serikali yetu ikakasirika. Rais Kikwete aliilaumu hadharani mwaka 2006.

Sasa tazama ajabu ya lugha. Katika Kiingereza cha zamani, punk ni neno la kudharau: kitu kibovu, mti uliooza, mtu asiye na maana. Vijana wa London wa miaka ya 1970 walilichukua tusi wakalivaa kama beji. Na Waswahili, bila kukaa kikao nao, wakalipa neno maana ya kitu kilichobaki baada ya wakubwa kuchukua nono. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo tafsiri bora ya panki iliyopata kutolewa katika lugha yoyote: sanaa inayopikwa kwa mabaki. Tutaitumia tafsiri hiyo kama kipimo chetu cha kwanza.

Wenye panki nao waligombana

Wenzetu wanaodai kwamba Ulaya watu wanajua panki ni nini, na sisi tunababaisha tu, hawajasoma historia. Tamasha la kwanza la panki barani Ulaya lilifanyika tarehe 21 Agosti 1976 katika uwanja wa kupigania fahali mjini Mont-de-Marsan, kusini magharibi mwa Ufaransa. Mwandalizi wake alikuwa Marc Zermati. Ungetegemea Sex Pistols wawe vinara, maana hao ndio waliokuja kuwa nembo ya panki duniani. Waliachwa nje! Walionekana wamevuka mpaka. The Clash wakajitoa kwa kuwaunga mkono wenzao. Waliopanda ni The Damned, pamoja na Eddie and the Hot Rods na bendi nyingine ambazo leo wengi wangeziita bendi za roki za baa tu. Kwa hiyo tamasha la kwanza la panki lilifanyika bila wale tunaoambiwa ndio panki.

Mwezi uliofuata, tarehe 20 na 21 Septemba 1976, ukumbi wa 100 Club mjini London uliandaa siku mbili za panki. Safari hii Sex Pistols walikuwamo, na The Clash pia. Siouxsie and the Banshees walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza maishani mwao bila hata wimbo mmoja uliotungwa. Walipiga kelele za kubuni palepale kwa takriban dakika 20. Mhakiki wa muziki wa kawaida angewatoa. Historia imewaweka.

Nchini Marekani mgogoro ulikuja kwa sura nyingine. James Spooner alitoa filamu ya Afro-Punk mwaka 2003 akiwahoji vijana weusi waliojikuta wachache ndani ya kumbi za panki zilizojaa weupe. Mwaka 2005 likazaliwa tamasha huko Brooklyn. Tamasha likakua, orodha ikaanza kujaa nyota wa soul na rap, wadhamini wakaja, na Spooner mwenyewe akajiondoa mwaka 2008. Mwaka 2015 kiingilio kikaanza kutozwa mahali palipokuwa bure. Mpaka leo watu wanabishana: je, tamasha lilipanua maana ya panki, au liliuza jina na kubaki na ganda? Nako Afrika Kusini, bendi ya National Wake iliyoanza Johannesburg mwaka 1979 ilikuwa panki kwa jambo moja kubwa kuliko gitaa: weusi na weupe walipiga pamoja wakati sheria za ubaguzi zikiwataka waishi mbalimbali. Hapo kupanda jukwaani pamoja kulikuwa hoja tosha, hata kabla ya kuimba neno.

Tunajifunza nini? Kwamba panki haijawahi kuwa na orodha iliyokubaliwa. Basi Songea isione haya kujiundia yake.

Mganda na lizombe: nani aliyemcheka nani?

Sasa turudi nyumbani. Mji huu unaitwa kwa jina la mtu aliyenyongwa. Nduna Songea Mbano aliuawa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji, na wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa tarehe 27 Februari mwaka huo huo. Kila mwaka kumbukumbu hufanyika katika Makumbusho ya Majimaji, na ngoma huchezwa. Tangu katikati ya miaka ya 2010 kumekuwapo pia tamasha la Majimaji Selebuka lililochanganya ngoma za asili, riadha, mbio za baiskeli na midahalo ya wanafunzi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Songea hatuna uzoefu wa matamasha. Tunao, tena uliojengwa juu ya kaburi la uasi.

Tutazame mganda. Ngoma hii huchezwa na Wanyasa na Wamatengo, ng'ambo hii ya ziwa, na upande wa Malawi ina ndugu yake malipenga. Wanaume husimama kwa mistari, kaptula na shati safi, soksi zimevutwa hadi chini ya goti, wengine wamefunga tai. Kuna ngoma kubwa, kuna vibuyu vinavyopulizwa kwa sauti vikatoa mlio wa tarumbeta iliyokwaruzwa. Mtu asiyejua akiwatazama atasema: hawa wanaiga Wazungu.

Mwanahistoria Terence Ranger alilijibu jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni. Beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 ikaenea Tanganyika, kukiwa na vyama vilivyoshindana, kama Marini na Arinoti, vyenye vyeo vya kijeshi, sare na magwaride. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Mganda ni mmoja wa watoto wa safari hiyo. Na ziwa letu lilikuwa ndani ya vita hiyo tangu wiki zake za mwanzo: mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann pale Sphinxhafen, ambapo leo ni Liuli.

Sasa hebu tufikiri kama wahakiki wa fani na maudhui. Mwanakijiji aliyebebeshwa mizigo ya jeshi, aliyepigwa na sajini, aliyewaona Wazungu wakiuana juu ya ziwa la babu zake, anarudi nyumbani. Hana bunduki wala tarumbeta. Ana kibuyu. Anachukua gwaride lile lile lililomtesa, anajipa yeye mwenyewe cheo, analigeuza mchezo wa kijiji. Kuiga huku si kusujudu. Ni kupora. Kijana wa London aliyechana fulana akaibana kwa pini alichukua vazi la heshima akaligeuza dhihaka. Mwenzake wa Ziwa Nyasa alichukua soksi za bwana shauri akazichezea mavumbini zaidi ya nusu karne kabla yake. Aliyetangulia ni nani? Wale tuliomcheka mwenzetu tulikuwa tunacheka kibuyu, kama vile bwana shauri alivyokicheka.

Pembeni ya mganda wanawake wana kioda, na Wangoni wana lizombe, ngoma ya kishindo inayoweza kumwinua hata mzee aliyesema leo magoti yanauma. Tatizo la ngoma hizi leo haliko ndani yake. Liko katika mahali zilipowekwa. Mara nyingi wachezaji huitwa kumpokea mgeni rasmi: wanasimama juani tangu asubuhi, mgeni anafika saa nane, wanacheza dakika tano, wanapewa soda, kisha jukwaa lenye taa na vipaza sauti anapewa msanii aliyekuja na basi kutoka Dar es Salaam. Tunaita hiyo kuenzi utamaduni! Sanaa iliyozaliwa kwa kumdhihaki mkubwa imefanywa zulia la mkubwa kupitia. Swali la orodha ya tamasha linaanzia hapo.

Dola yenye jukwaa

Baada ya uhuru, mwenye jukwaa alikuwa serikali. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba wasomi walijua rumba na chachacha kuliko ngoma za makabila yao. Hoja ilikuwa ya haki. Mkoloni alikuwa ametudharaulisha. Lakini hoja ya haki ikipewa rungu hugeuka. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na tangu Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikawa haramu. Wasichana walisumbuliwa mitaani na vituo vya mabasi. Mwaka huo huo wa 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Ajabu ni kwamba soul ulikuwa muziki wa watu weusi waliokuwa wakipigania haki Marekani, na serikali yetu iliwaunga mkono watu hao kwa dhati. Kumbe mtu anaweza kuipenda siasa ya mnyonge na kuukataa mdundo wake.

Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kamati ya kusikiliza nyimbo kabla hazijarushwa. Mwaka 1984 sheria ikaunda Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Tuwe waadilifu: RTD hiyo hiyo ndiyo iliyorekodi bendi zetu wakati hapakuwa na studio nyingine ya maana, na bila maktaba yake muziki wa dansi ungekuwa hadithi tu. Mlinzi wa mlango huyo huyo ndiye aliyekuwa mjenzi wa nyumba. Ila mlango ni mlango.

Aliyeujua mlango huo vizuri ni Dkt. Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila, bendi yenye jina ambalo msomaji wa Songea hahitaji kuelezwa, maana tunayo kata ya Matimila hapa hapa Songea Vijijini. Remmy aliimba umaskini, kifo na ubaguzi bila kuvipaka sukari. Alisafiri na WOMAD mwaka 1988, na mwaka uliofuata akatoa Songs for the Poor Man kwa kampuni ya Real World. Ulaya walimpigia makofi. Nyumbani, wimbo wake Mambo kwa Soksi, uliohimiza kondomu wakati UKIMWI unawamaliza watu na wakubwa wanaona haya kutamka neno, haukupigwa redioni. Watu wakaujua hivyo hivyo, kwa kanda na kwa madansi. Hakuvaa pini wala ngozi nyeusi, lakini kama panki ni kusema lile ambalo sebule nzima inajifanya hailioni, Remmy hatoki katika orodha hata ukimsukuma.

Fasihi nayo ilikuwa na panki wake

Wenzetu wa isimu wataniuliza: haya yote yana uhusiano gani na uhakiki wa fasihi? Yana uhusiano mkubwa. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Angalia hilo neno, sheria. Vina, mizani, beti, vyote vikapewa kanuni, na kitabu kikawa kama mlango wa ukumbi: huna vina, rudi nyumbani. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akachapisha Kichomi, mashairi yasiyojali vina wala mizani. Moto ukawaka. Wanamapokeo walisema hayo si mashairi, ni insha zilizokatwakatwa. Wanamabadiliko, wakiwamo Mulokozi na Kahigi waliotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, walisema ushairi haumo katika kuhesabu silabi tu.

Leo Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, yumo katika silabasi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukariri mgogoro wa ushairi kwa ajili ya mtihani kana kwamba ulikuwa wa watu wa kale. Lakini kaa kijiweni usikilize tunavyobishana juu ya singeli: “huo si muziki, ni kelele zilizoharakishwa.” Ni sentensi ile ile! Tumebadilisha mtuhumiwa tu.

Na silabasi yenyewe ilipatikana kwa ugomvi wa orodha. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika, pamoja na ya simulizi, iwekwe katikati. Hawakusema Shakespeare hafai. Waliuliza nani apande kwanza, na nani awe mgeni. Kwa maana hiyo sisi tunaosoma fasihi simulizi leo ni matunda ya mabishano ya nani apande jukwaani. Tukilidharau swali hili tunakata tawi tulilokalia.

Kutoka rap hadi singeli

Miaka ya 1990 vijana walianza na mabaki ya Wamarekani. Saleh Jabir alichukua mdundo wa Vanilla Ice mwaka 1991 akaweka maneno ya Kiswahili. Mwaka 1993 kukawa na mashindano ya Yo Rap Bonanza, na Kwanza Unit wakaundwa. Redio binafsi, ikianza na Radio One mwaka 1994, zikavunja ukiritimba wa RTD. Joseph Mbilinyi, yaani Mr. II au Sugu, alitoa Hali Halisi mwaka 1998, na hapo kijana wa mtaani akasikia lugha yake mwenyewe ikihukumu polisi, wanasiasa na ajira. Sugu akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Je, mbunge aweza kuwa panki? Wengi tulisema hawezi. Lakini mwaka 2018 alifungwa jela kwa maneno aliyoyasema mkutanoni dhidi ya Rais. Suti haikumkinga, wala yeye hakuitumia kujificha.

Kisa cha Nay wa Mitego kinafundisha zaidi. Machi 2017 alikamatwa kwa wimbo wake Wapo, na BASATA ikaufungia. Siku ya pili Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli anaupenda wimbo huo, msanii aachiwe, wimbo upigwe, tena aongeze majina ya wakwepa kodi. Watu walishangilia. Mhakiki lazima aulize: wimbo ulioruhusiwa na Ikulu umeshinda, au umeshindwa? Uliponea kwa sababu mkubwa aliupenda. Je, asingeupenda?

Wakati huo huo, bila kamera, Uswahilini kulikuwa kukipikwa kitu kingine. Mchiriku ulizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutokana na ngoma za Wazaramo: ngoma kadhaa, kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa na kipaza sauti kinachokwaruza, na mwimbaji mwenye koo la chuma. Jagwa Music ndio maarufu zaidi, na albamu yao Bongo Hotheads ilitolewa Ubelgiji na Crammed Discs mwaka 2012. Waandishi wa Ulaya waliposikia, neno la kwanza kuwatoka lilikuwa panki. Hapa kwetu neno la kwanza lilikuwa wahuni.

Singeli ni mdogo wake mchiriku, mwenye mbio zaidi: vipande vya taarab na vya midundo mingine vinaharakishwa hadi mapigo 200, hata 300 kwa dakika, na emsii anakimbizana navyo. Manzese, Tandale, Mburahati. Studio ya Sisso ilikuwa chumba na kompyuta. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo Sounds of Sisso, na vijana ambao hawakuwahi kualikwa kwenye hoteli za Dar wakajikuta wanapiga Ulaya.

Tamasha la Nyege Nyege lenyewe, lililoanza Jinja mwaka 2015, linatutia haya sisi wasemaji wa Kiswahili kulitamka mbele ya wakwe, ingawa kwa Waganda maana yake ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Mwaka 2018 Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alilipiga marufuku kisha likaruhusiwa kwa masharti. Mwaka 2022 wabunge wakajaribu tena. Jukwaa hilo limewaweka pamoja singeli na watu kama Duma wa Nairobi, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ni mayowe na mitambo mitupu. Hapo tuna tamasha la Afrika Mashariki lenye moyo wa panki, na halikumwomba mtu wa London ruhusa.

Kinyume chake ni Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza Februari 2004. Kanuni yake ni muziki wa moja kwa moja. Hapana kufungua sidii na kuimbia juu yake. Kanuni hiyo ililinda ala na wapigaji, ikampa Bi Kidude jukwaa analostahili mbele ya dunia. Lakini iliwaacha nje vijana wengi ambao ala yao ni kompyuta. Hakuna kanuni isiyo na watu wa nje. Ukiandika kanuni, jiulize ni nani umemfungia mlango, na kama ulikusudia.

Nani basi apande Songea?

Kutokana na historia hii tunapendekeza vipimo vitatu. Cha kwanza ni mabaki: je, sanaa hii imepikwa kwa vitu vilivyotupwa au kudharauliwa? Cha pili ni mlango: je, kijana asiye na fedha wala cheti anaweza kesho kuanza mwenyewe? Cha tatu ni gharama: je, msanii analipa chochote kwa anachosema, na ni nani anayekereka? Kipimo cha tatu ndicho kikali, kwa sababu kumkera mzazi ni rahisi; kumkera mwenye nguvu ni kazi.

Tukipima, Remmy anapita kote, ila ametutoka tangu Desemba 2010. Bi Kidude naye, aliyefariki Aprili 2013, anapita: mwanamke aliyepiga ngoma ya unyago, akavuta sigara hadharani, akaimba mpaka uzeeni bila kuomba radhi. Kama tamasha lisingempa nafasi yeye likampa kijana mwenye gitaa na nywele zilizosimama, hilo ni duka la nguo.

Singeli inapita kipimo cha kwanza na cha pili bila kupingwa. Katika cha tatu inayumba. Nyimbo kadhaa zinamkera mwanamke wa mtaani kuliko zinavyomkera mwenye mamlaka, na kumdhalilisha aliye chini yako si uasi. Tusiseme haya kama mabwana maadili. Panki wa London nao walikuwa na aibu zao, wengine walivaa alama ya Wanazi kwa kutaka kushtua tu. Kwa hiyo singeli iingie, lakini mwandalizi achague emsii mwenye cha kusema.

Mganda unapita cha kwanza na cha pili. Cha tatu uliwahi kupita, ukapokonywa. Unaweza kurudishiwa? Tunaamini ndiyo, kwa njia rahisi: uondolewe kwenye mapokezi. Wapewe mganda, kioda na lizombe saa tatu usiku, taa zote, vipaza sauti vyote, malipo sawa na ya msanii wa Dar, na kusiwe na mgeni rasmi. Waimbaji wa ngoma hubuni maneno kufuatana na mambo ya siku. Wakiachiwa nafasi wataimba bei ya mbolea na malipo ya mahindi na kahawa, mambo ambayo mkulima wa Ruvuma anayajua kuliko mwanahipihopu yeyote. Baada yao lipande kundi la singeli, bila mapumziko, mdundo juu ya mdundo. Naamini mzee wa mganda na kijana wa Mburahati watatambuana mara moja, maana kibuyu na Casio ni ndugu.

Kwa wale wanaosema panki ni kasumba, jibu letu ni kwamba hatuagizi muziki. Tunaazima swali, tunalitumia kuona vitu vyetu tulivyovizoea mpaka tukaacha kuviona. Mwisho wa siku hatutakuwa na haja ya neno panki lenyewe. Likikwama kooni, tuseme tamasha la mapanki. Kila mtu ataelewa ni la nani.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba swali la orodha si geni. Liliulizwa Mont-de-Marsan mwaka 1976, Nairobi mwaka 1968, katika mgogoro wa ushairi, ndani ya kamati ya RTD na kwenye uwanja wa mavumbi wa Ziwa Nyasa. Kila mara aliyekataliwa leo aliitwa urithi kesho, mara nyingi baada ya kufa, wakati hawezi tena kumkera mtu. Kazi ya mhakiki kijana ni kumtambua mapema, angali hai na angali anakera. Wanaopinga vipimo vyetu vitatu waje na vyao, wavitaje hadharani, na waseme ni nani vinamwacha nje.